Endelea na dawa za nyumbani: maneno matano yanayonitisha wodini

Kwenye faili la mgonjwa aliyelazwa usiku kuna sentensi moja huikosi, iwe imeandikwa kwa peni au imechapwa kwenye kompyuta: endelea na dawa za nyumbani. Maneno matano tu. Mimi ni mfamasia, nimezunguka wodini miaka kumi na kitu, na asikwambie mtu, hayo maneno matano yananitisha kuliko zile dawa tunazofungia kwenye kabati la kufuli mbili. Maana aliyeandika hajui dawa za nyumbani ni zipi, sista anayesoma hajui, ndugu anajua nusu, na mgonjwa mwenyewe kazimia.

Watu wakisikia "kupitia dawa za mgonjwa" wanadhani ni kuhakikisha sindano ya saa mbili imechomwa na dripu haijakata. Hiyo ipo, ila ni kipande kidogo. Kazi yenyewe ni kuchukua kila dawa moja moja na kuiuliza wewe ulikuja kufanya nini hapa, ile kazi bado ipo, na unawafanyia nini wenzako. Chati ya dawa haikusaidii sana hapo, kwa sababu chati inakwambia nini, kiasi gani, na saa ngapi, ila KWANINI haimo. Hakuna hata kisanduku chake.

Ngoja niwape mfano mmoja nieleweke. Nimechanganya wagonjwa wawili watatu ili mtu asimtambue bibi yake, lakini kila kitu humu nimekiona.

Bibi wa miaka 74, kilo 52, kaletwa usiku na binti yake, anaongea maneno hayaeleweki, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Kipimo cha malaria hamna kitu. Wakaanza kuwaza kiharusi, bahati nzuri intani mmoja (daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo) mwenye akili yake akapima sukari, 1.9, imeshuka vibaya. Akapewa sukari ya mshipa, dakika chache bibi kafungua macho anauliza kanga yake iko wapi. Wote wakafurahi, akalazwa, na kwenye maelekezo ikaandikwa nini? Endelea na dawa za nyumbani.

Saa mbili usiku sista akafanya alichoambiwa, akamuomba binti atoe dawa kwenye kifuko, bibi akameza. Saa nane usiku sukari 2.4.

Mimi nafika asubuhi. Kwenye chati kuna dawa nne zilizonakiliwa kutoka kadi ya kliniki: amlodipini na losatani za presha, metfomini na glibenklamidi za sukari. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia vizuri kabisa, nikamwambia binti, "Dada, naomba nione kila kitu anachotumia, hata kama siyo cha hospitali." Akainama chini ya kitanda akatoa kifuko (sisi bado tunaita rambo japo rambo zilipigwa marufuku tangu 2019) akakimwaga kwenye shuka. Vitu tisa. Zile nne, halafu furosemidi kwenye bahasha ya duka la dawa, halafu kuna nyingine imeandikwa Lasix ambayo ni furosemidi hiyo hiyo kavaa shati lingine, halafu diklofenaki, halafu omeprazoli, na mwisho kikopo cha Blue Band kina unga wa majani ya mlonge.

Yaani nusu ya matibabu ya yule bibi ilikuwa chini ya kitanda na faili halijui.

Hii hatua ya kwanza ndo tunaiita kuoanisha dawa. Unatengeneza orodha ya kweli ya anachotumia mtu, kutoka angalau sehemu mbili, siyo kadi peke yake wala mdomo wa ndugu peke yake, halafu unailinganisha na kilichoandikwa wodini, na kila tofauti lazima mtu aiseme: hii imeachwa kwa makusudi au imesahaulika? Uingereza mwongozo wao wa 2015 unataka hili lifanyike ndani ya saa 24 tangu mtu alazwe. Kwetu unakuta mfamasia mmoja na wodi sita, na Jumamosi na Jumapili usiniulize. Na halifanyiki mara moja tu, linatakiwa mgonjwa akiingia, akihama wodi, na akitoka, maana ni pale kwenye milango ndo dawa zinapotea au zinazaa mapacha kama ile Lasix.

Ila kuwa na orodha sahihi bado hujapitia dawa, hapo umehesabu tu. Orodha inaweza ikawa sahihi kabisa na bado inamuua mtu taratibu.

Turudi kwa bibi, tusome kile kifuko kwa mpangilio wa miaka. Binti alisimulia vizuri, na mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kama dakika arobaini, jambo ambalo kiukweli siku nyingi halipatikani. Amlodipini ilikuwa miligramu 5, presha ikagoma, ikapandishwa 10. Baada ya muda miguu ikaanza kuvimba. Sasa amlodipini kuvimbisha miguu ni kitu kinachojulikana, hasa dozi kubwa, inalegeza mishipa midogo na maji yanavuja yanashuka chini, siyo kwamba mwili una maji mengi. Ila miguu iliyovimba ukiipeleka zahanati jibu la haraka ni dawa ya kukojoza, akapewa furosemidi. Furosemidi inakojoza kweli, ila inabakiza asidi ya uriki kwenye damu, na asidi hiyo ikizidi inakwenda kukaa kwenye viungo, bibi akaamka usiku kidole gumba cha mguu kinawaka moto hata shuka haligusi. Gauti. Akaenda duka la dawa akapewa diklofenaki, bahasha imeandikwa 1x3, yaani kimoja mara tatu, cha miligramu 50, jumla 150 kwa siku, ambacho ndo kiwango cha juu kabisa, na bahasha haisemi kwa siku ngapi. Ameimeza tangu Pasaka mpaka Agosti. Diklofenaki ikapandisha presha, ikamchoma tumbo, akapewa omeprazoli. Presha ilipopanda kliniki wakaongeza losatani.

Umeona duara linavyojifunga? Presha iliyotibiwa mwisho ni presha iliyoletwa na dawa ya maumivu, ya gauti iliyoletwa na dawa ya kukojoza, ya uvimbe ulioletwa na dawa ya presha. Kila aliyeandika alikuwa sahihi kwa alichokiona siku ile. Hakuna mjinga hapo. Ila hakuna aliyeuliza kama huu ugonjwa mpya ni ugonjwa au ni dawa.

Halafu ile mchanganyiko wa losatani, furosemidi na diklofenaki kwa pamoja ni kati ya vitu ambavyo mfamasia akiviona kwenye chati moja anasimama. Figo inachuja kwa presha ya damu inayoingia na kutoka kwenye kichujio. Furosemidi inapunguza maji ya kuingia, diklofenaki inabana mrija wa kuingilia, losatani inalegeza mrija wa kutokea, kichujio kinabaki hakina msukumo. Ongeza kuharisha siku mbili au jua la kushinda shambani na figo inazima.

Majibu ya maabara yakaja: kriatinini, ile taka ya kwenye damu tunayopimia kazi ya figo, 180. Pembeni wameweka alama kwamba ipo juu, na mtu anayepita haraka anasema aah imepanda kidogo. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hili linawapita hata watu wazuri. Kriatinini inatoka kwenye misuli, na bibi wa kilo 52 ana misuli gani? Kuna hesabu ya tangu 1976 ya Cockcroft na Gault tunaitumia mpaka leo, unachukua 140 unatoa umri, unazidisha na kilo, unazidisha na namba ya jinsia, unagawa kwa kriatinini. Kwa bibi inatoka kama 20. Sasa chukua kijana wa bodaboda wa miaka 25 mwenye kilo 80, kriatinini yake iwe hiyo hiyo 180, hesabu inatoka kama 63. Karatasi ya maabara imeandika namba moja kwa wote wawili, ila mmoja figo zake zinafanya kazi mara tatu ya mwenzake. (Na wakati figo ndo zinaanguka siku hizo hizo hesabu hii inakupa sura nzuri kuliko hali halisi, kwa hiyo hata ile 20 ilikuwa ya kumpendelea.)

Na hapo ndo jibu la ile 1.9. Glibenklamidi inavunjwa na ini, ila mabaki yake bado yanashusha sukari, na yanategemea figo kutoka. Figo zimelala, mabaki yanarundikana, kila kidonge kinaongezea juu ya cha jana. Ndo maana pia ukishampa sukari ya mshipa akaamka usishangilie, dawa bado ipo mwilini, inaweza kumrudisha chini saa 24 zijazo au zaidi, anatakiwa dripu ya sukari na kupimwa usiku kucha. Huyu akapewa kidonge kingine. Ule unga wa mlonge nao watu wanautumia kushusha sukari na presha, sikuweza kujua mchango wake ila niliuandika kwenye orodha, maana ukimcheka mgonjwa kwa mlonge kesho hatakuonyesha kikopo.

Kabla ya raundi nilikaa na registra, daktari anayesomea ubingwa. Hii nayo ni sanaa. Mfamasia hafuti dawa ya daktari, anapendekeza, na intani hawezi kufuta dawa iliyoandikwa na spesho (daktari bingwa) bila tumbo kumuuma. Kuongeza dawa hakumtishi mtu, ukiongeza ikaharibika umejaribu, ukitoa ikaharibika wewe ndo ulitoa. Kwa hiyo dawa ina milango mingi ya kuingilia kwenye chati na wa kutokea haupo. Mimi nimejifunza kutosema "toeni hii", nauliza, "dokta, hii omeprazoli tunaitumia kwa nini?" Kama hakuna mwenye jibu, kimya chenyewe kinafanya kazi.

Tukakubaliana glibenklamidi na metfomini zote zisimame, metfomini nayo haitakiwi figo zikiwa chini ya 30 kwenye hesabu. Diklofenaki na zile furosemidi mbili zife kabisa. Losatani ipumzike mpaka figo na potasiamu vipimwe tena. Amlodipini irudi 5. Omeprazoli iende siku chache tumbo litulie, basi. Gumba la mguu likapewa parasetamoli ikatosha. Siku ya tano presha imeshuka yenyewe, miguu imenywea, kriatinini imeshuka 120, na sukari bila dawa yoyote inacheza 9 mpaka 12. Spesho akasema mtu wa umri huu tusimkimbize kwenye namba nzuri, muacheni hivyo hivyo arudi kliniki wiki mbili. Bibi wa vitu tisa akabaki na viwili.

Sasa siyo kila tatizo linatoka nyumbani, mengine tunayazalisha wenyewe humu humu. Seftriaksoni kwa mfano, antibiotiki ya sindano. Mtu kalazwa na homa kaanzishiwa, sawa, ulikuwa usiku, ila saa 48 mpaka 72 zikipita lazima mtu arudi aulize: vipimo vimesema nini, homa imeshuka, anakula? Kama anakula na hali nzuri mpe vidonge, kanula (kile kimrija cha kwenye mshipa) itoke, maana kanula nayo ni mlango wa vijidudu. Shirika la Afya Duniani kwenye mgawanyo wake wa antibiotiki wa 2017 liliiweka seftriaksoni kwenye kundi la kuangaliwa kwa jicho kali. Mimi nimewahi kukuta imefika siku ya kumi na moja, nauliza kwa nini, naambiwa tulikuwa tunasubiri spesho apite. Mfumo wa kompyuta nao unachangia, ukibonyeza kitufe kimoja dawa zote za jana zinajirudia leo, hakuna anayezisoma. Enzi za karatasi chati ilikuwa inaisha, ukilazimika kunakili upya angalau mkono unachoka unajiuliza hii ya nini.

Kingine ambacho watu hawakitegemei: kupitia dawa ni kutafuta pia ambazo HAZIJAINGIA. Kuna kijana wa kifafa alikuwa anapata degedege kila siku, daktari akapandisha dozi, haijasaidia, akapandisha tena na kutaka kuongeza dawa ya pili. Nikageuza chati nikaangalia visanduku vya kutolea dawa, siku tatu vimewekwa kistari. Dawa ilikuwa imeisha stoo, ndugu wameambiwa wakanunue nje, ndugu hawana hela na wanaona aibu kusema. Dozi imepandishwa mara mbili kwa mtu ambaye hajameza hata kidonge kimoja. Siku ikipatikana angepewa dozi mpya yote kwa mkupuo, sijui ingekuwaje.

Na kuna dawa ambazo mgonjwa anazificha, na ana sababu. Wodi yetu kitanda kwa kitanda ni hatua moja, shemeji kasimama pembeni na hotpoti, wewe unapaza sauti "unatumia dawa gani nyingine?" Hakuna mtu atakayesema ARV pale. Mgonjwa wa TB akianzishiwa dawa zenye rifampisini wakati anatumia ARV iitwayo dolutegraviri kimya kimya, rifampisini inalichochea ini livunje dolutegraviri haraka, ndo maana utaratibu ni anywe ya miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Usipojua anayo, virusi vinapata nafasi ya kuzoea dawa. Mama mwenye vijiti vya uzazi wa mpango naye rifampisini inavidhoofisha, anaweza kupata mimba ya kushangaa. Na mwenye kisukari anayetumia dolutegraviri, metfomini inajaa zaidi kwenye damu, kwa hiyo mwisho wake ni miligramu 1000 kwa siku. Mimi huwa naomba ndugu watoke wakatafute chai, au namwambia mgonjwa kuna karatasi ya kusaini kule ofisini. Uongo mdogo, ila unaokoa.

Hili siyo la Tanzania peke yake. Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya matibabu bila madhara ya dawa, likakadiria makosa ya dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka, na lengo likawa kupunguza madhara makubwa kwa nusu ndani ya miaka 5. Maeneo matatu waliyosema yapewe kipaumbele ni mazingira hatarishi, wagonjwa wenye dawa nyingi kwa wakati mmoja, na pale mgonjwa anapohama mikono. Bibi alikuwa na yote matatu kwenye kitanda kimoja.

Nimalizie na siku ya kuruhusiwa, ambayo ndo tunaiharibu zaidi. Karatasi ya kutokea inaandika dawa za kwenda nazo, haiandiki zilizoachwa na kwa nini. Mtu akifika nyumbani kile kifuko kinamsubiri, na kwake dawa mpya ni za kuongezea, siyo za kubadilisha. Nikakaa tena na bibi na binti, nikatenganisha pakiti, za kutumia huku, za kuacha huku. Nikataka zile za kuacha nizichukue nizirudishe famasi ziteketezwe, binti akagoma. "Dokta, hizi tumenunua kwa hela, hii peke yake elfu kumi na nane." Kumbe na mimi ni dokta, sawa. Nikabembeleza, nikashindwa, na kweli sina mamlaka ya kumnyang'anya mtu mali yake. Nikachukua maka peni nikaandika ACHA kwenye kila pakiti, nikakumbuka bibi hajui kusoma, nikachora na msalaba mkubwa. Bibi akacheka, "Huo ni wa kanisani?" Nikamueleza, akaelewa, akanirudishia maelezo yote bila kukosea: asubuhi hiki cha presha, tumbo likiuma hiki mpaka Ijumaa, hivi vingine nisiguse.

Wiki mbili baadaye nikamkuta kwenye benchi la kliniki, kapendeza, presha 138 kwa 80, sukari 10. Nikaomba nione kifuko. Kina pakiti moja tu, amlodipini. Nikafurahi kweli, nikamuuliza zile zenye msalaba alizitupa wapi.

"Nitupe hela, mwanangu? Nimempa jirani yangu, naye miguu inamsumbua."

"Bibi, huyo jirani ana presha?"

"Ee, anayo. Na sukari."